Kizuizi kisicho na bajeti hulipiwa na abiria

SIJALEWA. Neno hilo nililisikia jioni moja ya siku ya soko, nikiwa nimebanwa ndani ya Probox iliyokuwa ikitoka Kisii mjini kuelekea nyumbani kwetu Kenyenya. Tulikuwa watu tisa katika gari lililoundiwa watu watano. Kijana mmoja alikuwa ameketi kiti kimoja na dereva, upande wa mlango, hivi kwamba dereva aliushika usukani akiwa amemwegemea abiria wake kama mgonjwa. Mama aliyepakata kikapu mapajani alimwambia, kwa upole wa mzazi anayemwonya mwanawe, kwamba harufu ya pombe ilikuwa imefika hadi kiti cha nyuma. Dereva hakuudhika. Alicheka, akajibu: "Nimeonja tu, mama. Sijalewa."

Sisi tunaofundisha sarufi tunajua kwamba kitenzi hicho hakikani tendo moja kwa moja. Huliahirisha tu. Asemaye "sijala" ana njaa na anatazamia kula. Asemaye "sijafika" yuko njiani. Dereva wetu, bila ya kukusudia, alikuwa ametuarifu kwamba yuko njiani kuelekea ulevini, nasi tulikuwa tukimsindikiza.

Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha polisi. Gari lilisimama. Hakuna aliyepimwa pumzi, wala hakuna aliyejishughulisha kutuhesabu. Dereva alinyosha mkono dirishani, mkono ukarudi mtupu, tukaendelea na safari. Nami, mtu mwenye shahada ya uzamifu, niliyezoea kuwasahihisha wenzangu hadharani kwa kosa la upatanisho wa ngeli, sikutamka neno. Tulifika salama. Miezi michache baadaye mwana wa jirani yetu, mwendeshaji wa bodaboda, aligongwa jioni kama hiyo na gari ambalo dereva wake, alipotolewa nje, hakuweza kusimama wima. Tangu siku tulipomzika kijana yule, kunyamaza kwangu ndani ya Probox kumenikaa rohoni, na makala haya ni sehemu ya deni hilo.

Ninalotaka kusema ni jambo ambalo si jipya, ila halisemwi waziwazi. Upimaji wa ulevi barabarani ni huduma ya umma, kama chanjo au maji, na sharti ulipiwe kwa fedha za umma, zilizotengwa na kuandikwa katika makadirio. Usipolipiwa hivyo, haina maana kwamba ni wa bure. Hulipiwa na dereva dirishani, naye dereva hulipiwa na abiria kwa kuongeza nauli au kwa kumpakia abiria wa tisa.

Tuitazame historia yetu kwa ufupi. Mnamo Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo, idadi maalumu ya abiria. Wakenya waliona kwa macho yao kwamba matatu inaweza kutiishwa, kisha wakaona jinsi nidhamu hiyo ilivyopungua kadiri macho ya serikali yalivyogeukia mambo mengine. Desemba 2013 ukaja upimaji wa pumzi kwa kifaa kilichojulikana kote nchini kama Alcoblow, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ikazikuta kasoro kanuni zilizokitegemeza kifaa hicho. Mwanzoni mwa 2018, baada ya ajali ya Migaa ya Desemba 31, 2017, iliyoua watu 36, maafisa wa NTSA waliondolewa barabarani na kazi ikaachiwa polisi wa trafiki. Upimaji umerejea tena miaka ya karibuni, aghalabu wakati wa Krismasi na Pasaka.

Uamuzi ule wa 2017 ulinivutia kwa sababu za kitaaluma, maana kiini chake kilikuwa lugha. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakimwadhibu mtu kwa kunywa. Humwadhibu anayeendesha akiwa amelemewa na kileo kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo, na adhabu yake inaweza kufikia faini ya Sh500,000, au kifungo cha miaka kumi, au vyote viwili. Kanuni za kupima pumzi zilisema jambo jingine: kwamba kosa ni kuvuka kipimo, maikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. La kwanza ni hali ya mtu, la pili ni idadi. Majaji waliona kuwa kanuni haziwezi kuzaa kosa ambalo sheria mama haikulitaja. Ukitafakari, Kiswahili chenyewe kiko upande wa kifungu cha 44, kwa kuwa kulewalewa ni kuyumba, na mlevi kwa asili ya neno ni yule ayumbaye. Ndiyo maana dereva wetu alikuwa na ujasiri wa kusema hajalewa: alikuwa hajayumba bado. Lakini gari linalokwenda kilomita themanini kwa saa halimsubiri mtu ayumbe. Sayansi ya kipimo huona hatari mapema kuliko jicho, na ndiyo sababu inatulazimu tuwe na sheria mama inayotaja kipimo kwa maneno yasiyo na utata, kisha tuilipie.

Kuilipia ni nini hasa? Hapa ndipo wanaopanga makadirio wanapopenda kupita haraka. Kituo kimoja cha kupimia ulevi kinahitaji mashine, na mashine inahitaji kuhakikiwa usahihi wake mara kwa mara, la sivyo wakili yeyote ataiangusha mahakamani. Kila dereva anahitaji kipande kipya cha plastiki cha kupulizia. Hakuna mwenye akili timamu atakayetia mdomoni kilichotoka mdomoni mwa mwingine. Zinahitajika taa na mavazi yanayong'aa ili askari wenyewe wasigongwe gizani. Linahitajika gari lenye mafuta la kumpeleka aliyepatikana na kosa kituoni, na mtu wa kuliondoa gari lake barabarani, na mpango wa kuwafikisha nyumbani abiria wake wanane waliobaki kando ya barabara saa mbili usiku na mizigo yao. Zinahitajika marupurupu ya kazi ya usiku kwa askari, na hakimu atakayeisikiliza kesi kabla ya mashahidi kuisahau. Viondoe hivyo vyote, utabaki na askari wawili, tochi moja, ubao wa miiba na mkono ulionyoshwa.

Sisemi kwamba umaskini wa kituo unahalalisha hongo. Wakati Tume ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki miaka ya 2015 na 2016, rekodi za fedha walizotumiana kwa simu ziliwashangaza Wakenya, na fedha zile hazikuwa za kununulia tochi. Lakini ni raia gani wa mashambani asiyewahi kwenda kituoni kuripoti uhalifu akaambiwa gari halina mafuta? Asasi iliyozoeshwa kujitafutia mafuta kwa raia itajitafutia na mengine. Lugha yetu imekwisha kulizoea jambo hili kiasi cha kulipamba: tunaita chai, tunaita kitu kidogo, kana kwamba tunazungumzia ukarimu.

Kwingineko wamelichukulia suala hili kama jambo la kihasibu. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza Desemba 1982 kuwasimamisha madereva bila ya kuchagua na kuwapima pumzi, kwa wingi, hadharani, na kwa matangazo mengi yaliyogharimu fedha. Ajali zinazoua zilipungua kwa takriban moja ya tano. Watafiti waliochunguza mafanikio hayo walibaini kwamba kilichowabadilisha madereva si ukali wa adhabu bali ni uhakika wa kupimwa: kila mtu alimjua mtu aliyesimamishwa. Huko Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliruhusu vituo vya aina hiyo mwaka 1990, serikali ya shirikisho huyapa majimbo ruzuku za kuwalipa polisi saa za ziada katika operesheni hizo. Tukitaka uhakika wa namna hiyo, operesheni ya wiki mbili za Krismasi haiwezi kutupatia. Kenyenya haileweki kwa msimu, ukinisamehe mchezo wa maneno. Watu hunywa siku ya soko, hunywa baada ya mazishi, hunywa bonasi ya majani chai inapoingia. Anayetaka kutulinda na aje na kalenda yetu, asije na kalenda ya vilabu vya Nairobi.

Fedha zitatoka wapi? Swali hilo ni halali, lakini huulizwa kana kwamba hatulipi chochote. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inatozwa Sh25 za matengenezo ya barabara, ushuru ambao ulianza kwa sheria ya 1993. Kila chupa ya bia halali ina kodi ndani yake inayokwenda Hazina ya Kitaifa. Na kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti, hivyo kila baa iliyo halali kuanzia Suneka hadi Kenyenya huilipa Serikali ya Kaunti ya Kisii ili iruhusiwe kuuza. Kwa hivyo kaunti hupokea fedha mlevi anapoingia baa, ilhali anapotoka na kushika usukani huwa ni mzigo wa serikali ya kitaifa, yenye polisi wasio na mafuta. Akivunjika mguu anarudi tena kwa kaunti, katika hospitali ya Kenyenya au ile kubwa ya rufaa mjini Kisii. Katika mzunguko huo wote sijaona shilingi iliyorejea barabarani kwetu ikiwa na sura ya kipimo cha pumzi.

Katiba yenyewe, kifungu cha 189, inazitaka ngazi mbili za serikali zishirikiane. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 nayo imeweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana. Hakuna kinachozuia sehemu ya ada za leseni za vileo kutengwa, kwa makubaliano yaliyoandikwa, igharimie vituo vya kupimia katika barabara za kaunti hiyohiyo, na hesabu zake kutangazwa kila robo mwaka: wamepimwa wangapi, wamepatikana na kosa wangapi, wameshtakiwa wangapi. Idadi ya waliopimwa ikiwa kubwa na ya walioshtakiwa ikiwa sifuri, sote tutajua penye tundu.

Nilipomweleza haya omogaka mmoja wa kijijini kwetu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, hiyo mashine ikiletwa, yenyewe itakula nini?" Alikuwa anasema, kwa njia ya wazee, kwamba fedha nyingi zaidi zitaliwa zaidi. Hoja yake ni nzito na sitajifanya kwamba nina jibu kamili. Ila naona tofauti baina ya mkono wa dirishani, usioacha alama, na mashine inayochapa karatasi yenye saa, tarehe na kipimo. Karatasi inaweza kuibwa, lakini wizi wake huonekana. Wapo pia watakaosema kwamba ni aibu kununua vipimo vya pumzi wakati zahanati hazina dawa. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, kwa takwimu za NTSA, na idadi kubwa walikuwa watembea kwa miguu na watu wa pikipiki. Si wote waliouawa na pombe. Lakini majeruhi wa ajali hutumia damu ileile, vitanda vilevile na madaktari walewale ambao zahanati inawangoja.

Kabla ya bajeti mpya kupitishwa, maafisa wa kaunti huja kwetu mashinani kusikiliza maoni ya wananchi. Mara nyingi tunaohudhuria huomba daraja, transfoma na karo. Safari ijayo nitakuwapo, nimeketi karibu na mlango kama kawaida yangu, na nitauliza kaunti ilikusanya kiasi gani kwa leseni za vileo katika Bomachoge Borabu, na ni kiasi gani cha fedha hizo kimeandikiwa barabara ya saa mbili usiku. Nimekwisha kumwomba yule mama wa kikapu aje pia. Amesema atakuja, mradi asirudi nyumbani kwa Probox.