REBEKA ALIULIZWA, YUSUFU HAKUULIZWA



Jumapili iliyopita baada ya ibada, kijana mmoja wa kanisa letu hapa Ndau alinivuta kando akaniambia, "Mchungaji, Mungu amenipa wazo. Nataka kufungua ofisi yangu ya kupeleka watu kazi Uarabuni. Niombee."

Sikumwombea siku ile. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe juma moja." Leo namjibu, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye wazo hili, namjibu mbele yenu nyote.

Kwanza, sitamkejeli. Hapa kisiwani tunajua maisha yalivyo. Kusi ikivuma, mashua zinalala ufukweni na mifuko inakauka. Binti anamaliza kidato cha nne anarudi kukaa barazani. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wana shida hiyo hiyo. Njaa haiulizi mtu anaswali wapi. Na pesa za nje zinajenga kweli. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Kwa hiyo anayemtafutia mwenzake kazi ya halali anafanya jambo jema. Katika Mathayo 20 mwenye shamba alitoka MWENYEWE kwenda sokoni kutafuta wafanyakazi, na akapatana nao ujira kabla hawajaingia shambani.

Lakini kuna jambo nalibeba moyoni, na dada mwenyewe ameniruhusu kulisema.

Miaka ya nyuma, kabla sijaletwa Ndau, nilikuwa nachunga kanisa dogo bara. Akaja ejenti mmoja, suti safi, Biblia mkononi. Nikampa dakika tano madhabahuni. Nikasema, "Kanisa, huu ni mlango." Dada mmoja mama wa watoto wawili akauza mbuzi zake, akalipa, akaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Akafika, pasipoti ikachukuliwa, simu ikachukuliwa. Miezi ikapita bila mshahara. Nilipompigia ejenti, namba haikupatikana tena.

Aliporudi alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mchungaji, mimi sikumwamini yule mtu. Nilikuamini wewe."

Wapendwa, neno lile bado linaniamsha usiku.

Sasa kijana wangu, fungua Biblia yako. Katika kitabu cha Mwanzo kuna vijana wawili waliopelekwa mbali na kwao. Mmoja ni Yusufu (Mwanzo 37). Mwingine ni Rebeka (Mwanzo 24). Wote wawili walisafiri, na wote wawili kulikuwa na watu wa kati. Soma uone tofauti.

Ndugu zake Yusufu walimtupa shimoni, kisha WAKAKETI WALE CHAKULA. Mtumishi wa Ibrahimu alipotengewa chakula nyumbani kwa kina Rebeka, ALIKATAA KULA mpaka aeleze ametumwa na nani na anataka nini. Ejenti wa kweli anaeleza kazi kabla hajala shilingi ya mtu: jina la mwajiri, mji, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko.

Safari ya Yusufu iliwaingizia ndugu zake vipande ishirini vya fedha. Safari ya Rebeka ililipiwa na aliyemhitaji. Ngamia kumi walikuwa wa Ibrahimu. Zawadi zilitoka kwa Ibrahimu. Familia ya binti haikuuza mbuzi! Hata Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba nambari 181 wa mwaka 1997, limeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Kabla hujauliza utamtoza binti wa Ndau shilingi ngapi, uliza kwa nini asilipe tajiri anayemhitaji.

Yusufu hakuulizwa kitu. Rebeka aliitwa akaulizwa mbele ya watu wake kama atakwenda, naye akajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Binti asiyeujua mkataba wake hajakubali kitu, hata kama ametia sahihi.

Na Rebeka hakuachwa njiani. Alikwenda na yaya wake. Yule mtumishi alisafiri naye mpaka mwisho, akatoa ripoti yote kwa Isaka. Wale ndugu wa Yusufu walirudi nyumbani na kanzu yenye damu, wakanyamaza.

Hapo ndipo ugonjwa wa biashara hii ulipo. Tajiri kule analipa ofisi ya kwao, ofisi ile inalipa ofisi ya hapa, ofisi ya hapa inamlipa mtu wa kijijini kwa kila kichwa alicholeta. Kila mmoja anapokea binti akiondoka. Malipo yakiishia uwanja wa ndege, huruma nayo inaishia uwanja wa ndege. Atakayepiga simu saa nane za usiku akilia, atampigia nani?

Najua kuna atakayesema, "Lakini Mchungaji, Yusufu alifanikiwa Misri!" Amina, alifanikiwa. Lakini neema ya Mungu kwa Yusufu haikusafisha mikono ya ndugu zake. Miaka mingi baadaye, Mwanzo 42, bado walikuwa wanaambiana kwamba wana hatia, kwa sababu waliiona dhiki ya nafsi yake wasimsikilize. Ushuhuda wa mmoja aliyerudi akajenga nyumba ya mawe usiutumie kufunika kilio cha mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili.

FUNGUA, lakini fungua kama mtumishi wa Ibrahimu. Yeye alianza na kiapo. Wewe anza na sheria. Jiandikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, usifanye kazi kwa mgongo wa leseni ya mtu. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mashirika 930 na kusimamisha safari za wafanyakazi kwenda Mashariki ya Kati, mpaka zilipofunguliwa tena 2017 kwa masharti mapya. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi, na kumshawishi mtu aondoke bila mkataba huo ni kosa. Ukimdanganya mtu ukampeleka kwenye utumwa, Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010 inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Usiseme "Mungu amenipa wazo" halafu ukaogopa karatasi.

Ukikosa mtaji wa kufanya hivyo, anza na kilicho karibu. Tafutia vijana kazi Lamu, Malindi, Mombasa, mahali unapoweza kupanda boti na gari ukamwone mtu wako akiwa kazini. Aliye mwaminifu katika dogo, Bwana atamwongeza.

Na mimi mchungaji wenu nina sehemu yangu. Kuanzia leo hakuna ejenti atakayesimama madhabahuni hapa, hata akiwa mwana wa kanisa, hata akitoa sadaka kubwa. Anayetaka kusafiri aje na mkataba wake tuusome pamoja, tuangalie jina la shirika katika orodha ya Mamlaka, na aache nakala ya mkataba na namba za simu kwa familia. Ukiambiwa "usimwambie mtu mpaka viza itoke," hapo hapo simama.

Kijana wangu, njoo Jumatano kwenye maombi. Sasa niko tayari kukuombea. Lakini kwanza nitakuuliza swali moja: dada yako wa tumbo moja, ungempeleka kwa mkataba huo huo, nyumba hiyo hiyo? Ukisema ndiyo bila kusita, nitakuwekea mikono.

TUOMBE: Baba, wakumbuke mabinti na vijana wetu walio Saudia, Qatar, Oman na kila mahali. Aliyenyang'anywa simu, msikie Wewe. Aliyenyimwa ujira, mtetee. Nasi tuliowapeleka bila kuuliza, tusamehe, utufundishe kuuliza. Katika jina la Yesu, AMINA.

Kama una ndugu ng'ambo, andika jina lake la kwanza hapa chini. Jumatano tutaomba kwa kila jina.