Nafasi alizozikataa Cicely Tyson

Mwigizaji hupimwa kwa nafasi alizocheza. Cicely Tyson wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 96, apimwe pia kwa zile alizozikataa. Mama yake, mtu wa kanisa, aliiona kazi hiyo kuwa njia ya upotevu, akamfukuza nyumbani. Jibu la binti likawa namna ya kuifanya: hakukubali kuigiza chochote kinachomdhalilisha mwanamke mweusi. Alilipa gharama, kwani kuna vipindi virefu alivyokaa bila kazi.

Je, alikuwa akiikimbia sura ya umaskini? Sivyo. Mwaka 1972, katika filamu Sounder, alikuwa mke wa mkulima fukara wa Louisiana, anayeshikilia shamba na watoto mume akiwa kifungoni. Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar.

Alikubali kumwonyesha maskini. Alikataa maskini afanywe kichekesho. Nanyi mnaotayarisha michezo ya kuigiza, kabla ya kumpa mtu nafasi ya mjane au kilema, jiulizeni: mjane mwenyewe akiketi mbele, atajitambua au ataona haya?