Moto iwake kiki moja

Vijana wetu wanaoendesha moto Kigali wanajua: abiria akiita pale Nyabugogo, wa kwanza kuwasha ndiye anambeba. Wa kiki kumi anabaki na kofia ya abiria mkononi. Tangu Januari 2025 moto mpya za teksi mjini zinaandikishwa za umeme tu, zenyewe hazina kiki. Lakini za petroli bado zinalisha watoto.

Sukuma kiki polepole mpaka iwe nzito. Iachie ipande, kisha kanyaga mara moja mpaka chini kabisa, bila kuzungusha mkono wa mafuta. Choki ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi. Petroli ikizidi, plagi ikalowa, rudisha choki, fungua mafuta yote, piga kiki mara chache. Wengine wanakimbilia kununua plagi mpya, hasara bure! Ile ya zamani ifungue, ipanguse, irudishe.