Sehemu ya 6: Kabla hujaitupa ile beji ya mwanao

Wiki hii nilikuwa niendelee na uji wa mtoto wa miezi sita, lakini kuna meseji imeninyima usingizi. Uji utasubiri kidogo.

Mama mmoja, yuko hapahapa Ujerumani kama mimi, aliniandikia saa tano usiku: "Sista, nimekuta beji ya Hitler kwenye droo ya mwanangu. Natetemeka. Niitupe? Nimwambie babake?" Mtoto ana miaka 13. Kainunua kwenye soko la vitu kuukuu la Jumapili kwa hela zake za sikukuu, na alipanga kuibandika kwenye begi la shule. Mdogo wake ana miezi tisa, ndio kwanza anatambaa.

Nikamwambia kwanza iweke juu ya kabati. Maana nyuma ya vitu hivi kuna pini ndefu, na lehemu ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, si kitu cha kunyonywa na mtoto. Mtoto akichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha angalia kadi yake ya chanjo, pepopunda iko sawa? Akimeza kitu chenye ncha usimtapishe, na usimpe ndizi eti isukume. Nenda hospitali moja kwa moja.

Jumamosi nikaenda kwao. Nakiri nilikwenda na hotuba yangu kichwani. Nikamkuta kijana mezani na kioo cha kukuzia, adabu zake zote, "Shikamoo anti". Akaniwekea beji kiganjani na kusema, "Usiangalie mbele kwanza. Igeuze."

Basi akanifundisha. Ni beji ya askari wa miamvuli wa jeshi la anga la Ujerumani, wale waliokuwa wakiruka kutoka kwenye ndege. Ilianzishwa na Göring tarehe 5 Novemba 1936, na askari alipaswa kuruka mara sita ndipo aipate. Mbele kuna tai wa rangi ya dhahabu anashuka kwa kasi, kashika swastika kwenye kucha, na kumzunguka kuna shada la majani la rangi ya fedha. Ni vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa ribiti mbili. Nyuma ndiko kwenye habari ya kiwanda. Herufi A ni Assmann wa Lüdenscheid. G.W.L. ni Gebrüder Wegerhoff, mji uleule. JFS ni Josef Feix na wanawe, wa Gablonz, mji ambao leo uko Cheki. Nyingine hazina alama yoyote, hapo unalinganisha bawaba, ndoano ya pini, na vichwa vya ribiti, maana kila kiwanda kilikuwa na mkono wake.

Hata chuma kinasema. Za mwanzo zilikuwa za aloi ya shaba, nzito, zikang'arishwa vizuri. Vita vilipokaza shaba ikawa adimu, wakahamia zinki, ndiyo maana nyingi za mwishoni leo zimechujuka na kuwa kijivu. Na Lüdenscheid, jamani, ni mji uliojulikana kwa viwanda vya vifungo vya nguo! Watu wa vifungo ndio waliotengeneza nishani za vita.

Nilimuelewa kuliko nilivyotaka. Sisi manesi ndiyo kazi yetu. Dawa huwezi kuichoma kwa sababu boksi lake ni zuri, unasoma jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Mtoto anayekaa saa nzima kulinganisha bawaba mbili ana kipaji, na simu haijampa hicho.

Ndipo nikamuuliza: umenieleza nani aliitengeneza, sasa nieleze waliovaa walifanya nini. Akanyamaza. Hilo hakulijua.

Tukatafuta pamoja. Mei 20, 1941, askari hawa waliruka juu ya kisiwa cha Krete, Ugiriki. Walikufa wengi, kwenye makaburi ya Wajerumani pale Maleme wamezikwa 4,465. Wanakijiji nao walipigana, na baada ya ushindi jenerali wao, Kurt Student, akaamuru kisasi. Juni 2, kijiji cha Kondomari, wanaume walitolewa kwa wake na watoto wao, wakapelekwa kwenye mizeituni na kupigwa risasi. Waliowapiga walikuwa askari wa miamvuli. Mpigapicha wao wenyewe, Franz-Peter Weixler, alipiga picha, na zipo mpaka leo. Kesho yake kijiji cha Kandanos kikateketezwa.

Na mimi nikaongeza langu, kwa kuwa huyu ni mtoto mweusi. Mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya beji hii kuanzishwa, mamia ya watoto wa Rhineland, mama zao Wajerumani na baba zao askari wa makoloni ya Ufaransa, walifanyiwa upasuaji kwa siri ili wasizae kamwe. Haikufanyika vitani, ilifanyika hospitalini. Kwa mikono ya watu wa kazi yangu.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtanipinga. Usiitupe usiku ukadhani umemaliza. Ukiitupa, mwanao atajifunza kuficha vizuri zaidi tu, na atakayemfundisha habari za beji atakuwa mwuzaji, ambaye ya Kondomari hatayataja, yatamharibia biashara. Lakini kwenye begi, hapana, na hapo usibembeleze. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha swastika hadharani, adhabu ni faini au kifungo hadi miaka mitatu. Chini ya miaka 14 hashtakiwi, ila barua ya shule itakufikia wewe. Kuwa nayo nyumbani si kosa, kufundishia historia kunaruhusiwa. Hata wale maveterani, sheria ya mwaka 1957 iliwaruhusu kuvaa nishani zao baada ya swastika kuondolewa tu.

Na hela za mtoto, mama, zifungie. Nakala za bandia zimejaa. Beji halisi iligongwa kwa muhuri wa chuma, manyoya ya tai yana makali. Ya kumiminwa kwenye kalibu ina manyoya butu na vitundu vya hewa. Kijana aliniambia haya mwenyewe, kisha akainamia kioo chake, akatulia muda mrefu. Vitundu vilikuwepo. Nilimhurumia, kwa kweli.

Beji sasa iko kwenye bahasha juu ya kabati. Babake bado anataka itoke kwenye nyumba yake, na nyumba ni yake, sitabishana naye. Kijana ameomba kuziona picha za Kondomari. Mamake anasema hawezi kuziangalia. Nimemwambia asimwache aziangalie peke yake, na kama yeye atashindwa, Jumamosi nitakaa naye mimi.

Uji ni Jumanne. Mama wa mapacha, swali lako nimeliona.