Darubini Ifike Vijijini

Mtu wa visiwani hakuanza jana kuitazama mbingu. Wazee wetu walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi, wakatambua majira kwa Kilimia, na nahodha aliyekuwa mbali na nchi kavu alishika njia kwa nyota. Elimu hiyo ilikuwa mali ya wote. Mkubwa alimrithisha mdogo pwani na chomboni.

Leo sayansi imekuwa jambo la ubao na mtihani. Kijana akifaulu huondoka nayo kijijini, na waliomsomesha hubaki kama walivyokuwa. Hali hiyo haifai kuachwa iendelee.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Bibi Susan Murabana alianza kwa kusomea uchumi. Alipovutwa na nyota alikwenda mbele akasomea elimu ya falaki katika Chuo Kikuu cha James Cook cha Australia, kisha mwaka 2014, pamoja na mumewe, akaanzisha shirika la The Travelling Telescope, yaani darubini inayosafiri. Kazi ya shirika hilo ni kuipeleka darubini kwa wanafunzi na wananchi wa mbali, ili mtoto aione mbingu kwa jicho lake mwenyewe.

Watakuwapo wa kusema kwamba hiyo ni anasa wakati skuli zina upungufu wa madawati. Hatukubaliani nao. Kisiwani mwezi una sehemu yake katika riziki. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa nyakati hizo mwezi na jua huivuta bahari kwa pamoja, na maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Kilimo cha mwani kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 hufuata bamvua hizo. Akina mama wakulima wanajua siku za maji kupwa sana. Mtoto wao akijua na sababu yake, elimu ya skuli na ya nyumbani zitakuwa zimekutana.

Aidha, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Huko Misri, Saudia na Yemen wako watakaoliona limefunikwa lote; hapa kwetu litafunikwa sehemu tu, na kulitazama kwa macho matupu huweza kumharibia mtu uoni wake. Ni nani atakayewaeleza hayo watoto wa Micheweni na Makunduchi?

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu ipate darubini moja kwa kila wilaya, katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, na kuikabidhi kwa kijana aliyesomea sayansi. Apewe nauli na posho, azunguke nayo shehia kwa shehia. Masheha nao hawana budi kumpokea na kuwakusanya wananchi. Muda uliobaki ni mfupi. Kazi na ianze sasa.