Pepo au Maradhi?

Mjomba wangu ni seremala hapa Malindi. Kuna miezi hulala masaa mawili tu usiku mzima na asihisi kuchoka. Huongea mbio mbio, huchukua mbao kwa mkopo, na mwaka jana aliwaahidi majirani wote vitanda vya bure. Kisha hugeuka. Hulala akitazama ukuta hata wiki tatu, randa imeshika kutu, na chai twamnywesha kama mtoto.

Nyanya asema ni pepo, mjomba amekuwa kiti chake, na ngoma lazima ipigwe. Mganga alikuja, akaondoka na mbuzi wetu wawili. Baada ya siku chache mjomba akachangamka, tukashangilia. Lakini jamani, maradhi haya hupanda na kushuka yenyewe! Mganga akingoja tu, ataonekana ameshinda.

Hospitalini tuliambiwa jina lake ni baipola, ugonjwa unaoweza kuandama ukoo, na dawa zipo. Mojawapo, lithiamu, ni aina ya chumvi. Daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Anayeitumia sharti apimwe damu, maana ikizidi ni sumu. Basi mjomba alipopata nafuu akasema amepona, akatupa vidonge, nasi tukanyamaza. Kosa ni lile lile la mbuzi: tuliona nafuu tukaiita kupona.

Wenzangu darasani wasema, baada ya yale ya msitu wa Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mgonjwa asikaribiwe kabisa na watu wa dini. Hapo sikubaliani nao. Imamu wetu alimsomea mjomba Kurani, kisha akamwuliza, "Umemeza dawa leo?" Swali hilo moja lilimwingia kuliko makelele yetu yote ya nyumbani. Tena siku zile za kutazama ukuta, ni imamu aliyekuja kukaa naye mkekani. Daktari ana foleni, atamfikia saa ngapi? Anayeniudhi mimi ni yule anayemwambia mgonjwa, "Ukija kwangu, hospitali usiende."

Nyanya bado ataka ngoma yake. Nimemwambia, haya, ipigwe, mradi siku hiyo mjomba ameze vidonge kwanza. Amesema atafikiria.