Maua yakianguka, usitupe mmea

Wiki iliyopita nilipita katika mtaa mmoja hapa Goma, nikamkuta mama mmoja muhami ameinama kwenye lundo la taka mbele ya nyumba kubwa. Alitoa humo chungu kidogo cha plastiki chenye mmea wa majani matatu manene. Vijana waliosimama karibu wakacheka: « Mama, utakula maua? » Yeye alifuta majani kwa kitenge chake, akaenda zake bila kuwajibu.

Ninasema wazi: vijana wale walikosea, na aliyeutupa mmea ule alikosea zaidi.

Ule mmea ni orkide, ile aina ndogo ya mchanganyiko yenye ua la sura ya kipepeo. Asili yake ni misitu ya Asia, ambako jamaa zake huishi juu ya miti, mizizi ikiwa nje. Hapa kwetu wenye uwezo huinunua au hupewa siku ya sherehe. Maua yake hudumu miezi miwili au mitatu, kisha huanguka. Wengi hufikiri imekufa. Haijakufa, inapumzika tu, na ikitunzwa itatoa maua tena.

Kuitunza hakuombi pesa. Usiipande katika udongo, maana mizizi itaoza. Chukua chupa ya plastiki, itoboe chini na pembeni, ujaze vipande vya makala ambayo haijawashwa pamoja na vijiwe vyepesi vya volkeno, hivi tunavyovikanyaga kila siku. Iweke karibu na dirisha au mlango penye mwanga, lakini jua kali lisiipige. Tazama mizizi: ikiwa ya kijani, ngoja, ikiwa nyeupe kama majivu, mwagilia na uache maji yote yatoke. Mara nyingi ni mara moja kwa wiki. Maji yasilale katikati ya majani. Iweke mbali na mbabula, kwa sababu moshi huangusha maua ambayo bado hayajafunguka. Baridi kidogo ya usiku wetu itaisaidia kutoa kikonyo kipya.

Najua kuna watakaosema kwamba familia inayolala watu kumi katika chumba kimoja inahitaji unga, si maua. Ni kweli. Simshauri mtu auze unga wake anunue ua, wala anayegawa msaada asilete maua mahali pa maharagwe. Lakini mmea ule ulikuwa takatakani. Haukumnyima mtoto yeyote chakula.

Tena, tangu kambi za hapa zivunjwe mwanzoni mwa mwaka 2025, wahami wengi wanaishi kwa watu. Wengine ndio huamua walale wapi, wapike saa ngapi, wahame lini. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuwa na kitu kimoja ambacho yeye ndiye anakiamulia.

Nilimtembelea yule mama. Aliniambia: « Kwetu kijijini nilikuwa na maua mlangoni. Huyu mdogo hayakumbuki. » Huyo mdogo, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyepewa kazi ya kutazama mizizi kila asubuhi. Alinionyesha jani jipya, dogo kama ukucha. Cheko la vijana wale halikuwa limefika kwake.

Kwa hiyo ninawaomba wakaaji wenye nyumba, wenye hoteli na wenye ofisi: maua yakianguka, msitupe mmea. Mpeni jirani anayeutaka, na mumweleze namna ya kuutunza. Nanyi vijana, mkimwona mama amebeba chungu cha ua, acheni kucheka. Msaidieni kukifikisha nyumbani.